Kipandio cha Tisini na Moja

Vipandio mia na sitini na viwili, daktari,
toka kliniki yako hadi mlangoni pangu.
Nimevihesabu kwa uti wa mgongo,
na kile cha arobaini, kilichomeguka pembe,
nakijua kama mtu amjuavyo jirani mgomvi.

Huku Valparaíso vilima vimesimama wima,
na kile kibehewa cha kutupandisha
kimetiwa kufuli, huu mwaka wa nne,
bango likisema: Matengenezo. Samahani kwa usumbufu.
Usumbufu!
Neno dogo, limevaa tai.

Mara ya kwanza nilifika kwako nimechelewa.
Ukatazama saa. Kisha ukatazama picha,
ukaiinua kwenye taa, mifupa yangu ikang'aa
kama samaki aliyekwisha kuliwa.
"Bi Eduvina, hapa sioni kitu."
Ulisema kwa furaha, ungedhani wanipa zawadi.
Nami niliyekunja mashuka ya hoteli miaka ishirini na sita,
mashuka ya vitanda vya watu wawili, peke yangu,
pembe kwa pembe, kifuani, begani, chini, tena,
nikakaa pale nikiona haya
kama aliyefumaniwa akidanganya.

Adhabu ya kaburi aijua maiti.
Lakini mimi si maiti, daktari.
Mimi ni mzima, na hapo ndipo panapouma.

"Kutoka moja hadi kumi, leo ni ngapi?"
Nikasema saba,
maana nane huonekana kama ulafi,
na sita hurudishwa nyumbani na panadoli.
Hakuna namba ya kushindwa kumenya viazi.
Hakuna namba ya mjukuu ajaye mbio,
nami nikanyoosha mkono,
si wa kumpokea,
wa kumzuia.

Kisha akaja Nibaldo, yule muuguzi wenu
mwenye viatu vilivyolika upande mmoja.
Alipanda. Yeye ndiye aliyepanda.
Akafika kwangu anahema, jasho hadi kidevuni,
akaomba maji, akakaa, akanyamaza kidogo,
ndipo akauliza:
"Wiki hii maumivu yamekunyang'anya nini?"

Nikamwambia: misa ya Jumapili.
Usingizi, kuanzia saa tisa usiku.
Na karata za kwa Rosamel, ambaye hanialiki tena,
amechoka kusikia "labda kesho".
Akaandika yote.
Hata karata aliziandika.

Sijapona. Tusidanganyane.
Dawa mbili zimeondolewa, moja imeongezwa;
miadi yangu sasa ni saa nane mchana,
kwa kuwa asubuhi mwili huu
ni mlango wa mbao uliovimba kwa mvua.
Alhamisi tunakutana watu saba,
nyumbani kwa aliye hoi kuliko wote,
tunanyoosha miguu, tunalalamika,
tunacheka mambo ambayo wenye afya
wangeona si ya kuchekwa.

Na pale kwenye kipandio cha tisini na moja,
ngazi inapokata kona na upepo ukakuzaba kofi,
Rosamel amepigilia benchi.
Manispaa walikuwa bado wanatafuta fomu.
Mbao ni za kitanda cha marehemu mama yake,
mguu mmoja mfupi, umewekewa kigae.
Hakunieleza kitu. Alisema tu, misumari mdomoni,
"Karata ni Ijumaa. Ukichoka njiani, utakaa."

Jana nilikaa.
Akapita msichana wa shule, mkoba mzito,
akaniona, akasita.
Nikamsogezea nafasi.
Hakuuliza naumwa nini, nami sikuuliza
kwa nini yeye, na umri ule,
alishika nyonga alipokuwa akikaa.

Vidonge vyako navimeza, asante.
Ila siku moja na wewe panda, daktari.
Vihesabu kuanzia chini.
Ukifika tisini na moja, kaa kwanza,
pumzi ikurudie.
Halafu uniulize ni ngapi.